Askari Thelathini na Sita, Mizinga Miwili

Mwaka 1964, kaskazi ikiwa ukingoni na visima vya kijiji chetu cha Mwabungo vikianza kutoa maji yenye chumvi, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Nautaja mwaka na umri kwa sababu wapo wanaoisimulia habari hii hadi leo wakiipeleka mwaka 1966, na wapo wanaonifanya mwari aliyeolewa juzi. Sikuwa mwari. Nilikuwa mke kwa mwaka wa kumi na tatu, mama wa watoto wanne, na mwenye cheti cha kisomo cha watu wazima nilichokabidhiwa tarehe 30 Novemba 1963, siku chache kabla ya bendera ya zamani kuteremshwa. Katika darasa letu la wanawake nilikuwa wa kwanza kwa hati ya mkono. Hilo nalo nalitaja, kwa kuwa hati hiyo ndiyo iliyokwenda kusomwa na watu ambao sikuwaandikia.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Mchana alitengeneza milango, vitanda na masanduku. Baada ya sala ya alasiri alikaa barazani na kisu kidogo, akachonga kwa mti wa mlimau watu wasiozidi urefu wa kidole. Wote walikuwa askari wa kombania aliyokwenda nayo Burma katika vita vya Mwingereza, pamoja na wapagazi wao. Hakuwahi kuuza hata mmoja. Wenzake walicheza bao. Yeye starehe yake ilikuwa hiyo. Vita vyenyewe hakuvisimulia. Ukimwuliza, alikuonyesha tu jinsi mkanda ulivyokaa begani.

Habari zilipoenea kwamba pale kwetu pana mtu anachonga sanamu, shehe wa msikiti wetu alikuja mwenyewe. Alimchukua mmoja, akamgeuza kifuani na kisogoni.

"Umewatia roho?" akauliza.

"Roho siijui inakotiwa, shehe wangu."

"Basi usiwatie nyuso. Asiye na uso si sanamu, na wewe utakuwa umesalimika."

Tangu siku ile kila mmoja wao alikuwa na kofia, kola na vifungo, na mahali pa uso pakawa laini kama kokwa ya kunazi. Neno sanamu nalo lilitoka nyumbani mwetu. Tuliwaita watu wa ubaoni, kwa sababu alikuwa akiwapanga juu ya ubao dirishani.

Mwaka 1962 daktari mmoja mstaafu, Mzungu, alipanga nyumba Galu kwa msimu mmoja, akaja kutengenezewa kiti. Akauona ule ubao, na kiti akakisahau. Alituambia kwamba kwao wapo watu wazima, wengine wenye vyeo, wanaokusanya askari wadogo namna hiyo, wakawapanga juu ya meza na kuvipigana upya vita vilivyokwisha, kwa kanuni na kipimo. Mume wangu alicheka hadi akatokwa na machozi, kisha akaanza kuuliza maswali. Walipoagana, mgeni yule aliomba achongewe kombania nzima. Naye akaahidi kumletea kwa posta rangi za makopo madogo na burashi za manyoya, ambazo huku hazikupatikana. Hayo ndiyo mapatano yao. Kazi ilichukua mwaka na zaidi.

Jambo jingine lilikuwa hili. Mume wangu alizaliwa upande wa pili wa mpaka, mwendo wa asubuhi moja kutoka Vanga. Wazee wake walikuwa Wadigo wa huko, na kwa Mdigo mpaka ule ulikuwa jambo la ramani. Baada ya uhuru ramani ilianza kudai majibu. Mtu wa namna yake alitakiwa aombe uraia. Asipokubaliwa, yeye ni mgeni, na mgeni aweza kuamriwa arudi kwao. Kwao hakuwa na nyumba wala ndugu aliye hai. Alikuwa na kaburi moja tu, la mama yake. Alipeleka ombi lake Kwale Jumatatu tarehe 17 Februari 1964. Tangu hapo tulikuwa watu wa kungoja jibu, na huo haukuwa mwaka mwema wa kungoja jibu. Mwezi wa Januari serikali ilikuwa imepinduliwa visiwani, na makambini, kwetu na kwa jirani zetu, askari walikuwa wameasi. Watu walizungumza kwa sauti ya chini hata wakitaja bei ya unga.

Jumanne tarehe 10 Machi nililipeleka kasha posta ya Msambweni, mume wangu akiwa amebanwa na kazi ya mlango. Askari walikuwa wamelazwa ndani ya sufi, safu juu ya safu. Karani wa posta alikuwa mtu wa bara, mpenda utani.

"Ndani mna nini, mama?"

"Askari."

Akalitikisa kasha sikioni. "Wamelala?"

"Usiwatikise."

Akanipa fomu ya forodha, kwani mzigo ulikuwa unavuka bahari. "Hapa andika vitu vya kuchezea. Watu wote huandika hivyo."

"Si vitu vya kuchezea. Aliyewachonga ana miaka arobaini na sita."

"Basi sanamu."

"Neno hilo kwetu halisemwi."

"Mama, wewe mkali kuliko hawa walio ndani."

Chini ya fomu palikuwa na maneno kwamba mwenye kutia sahihi anathibitisha kuwa yote aliyoyaandika ni kweli. Sahihi yangu ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Kuiweka chini ya maneno hayo, kwangu mimi, ilikuwa sawa na kuweka mkono juu ya msahafu. Nikaandika hivi, kila kitu kwa mstari wake: Askari 36. Maofisa 4. Wapagazi 10. Mizinga 2. Karani akaandika Kiingereza chake chini ya kila mstari, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nikatia sahihi kwa niaba ya mume wangu.

"Vita vikianza huko Ulaya," karani akasema, akigonga muhuri, "nitasema nakufahamu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Ile ilikuwa karatasi ya kwanza ya serikali niliyoijaza bila kuongozwa mkono.

Ijumaa tarehe 3 Aprili, watu wametoka kusali, waume wawili walisimama mbele ya baraza yetu. Mmoja alivaa kaki, mwingine shati jeupe. Walipiga hodi na kungoja waitikiwe. Walikataa chai kwa adabu. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, na adabu yao haikunipendeza.

"Mzee," akasema mwenye shati jeupe, "tumeambiwa una askari."

Mume wangu akacheka. "Ninao. Waliobaki wako pale dirishani."

Yule mwenye kaki aligeuka upesi kulielekea dirisha, mkono ukiwa kiunoni. Alipoona ubao na vile vidole vinne vya mti, hakucheka. Wala mwenzake hakucheka. Ndipo kicheko cha mume wangu kilipokatika.

Waliwachukua wale wanne, wakawafunga katika leso. Wakauliza ni nani aliyeandika fomu. Nikatoka, nikasema ni mimi. Wakauliza nani aliyeniambia niandike hivyo. Nikasema hakuna. Mwenye shati jeupe akaandika, kisha akamgeukia mume wangu, akauliza kwa sauti ileile ya upole, "Na wewe, mzee, umezaliwa wapi?"

Walipoondoka, wifi yangu, dada wa mume wangu aliyeolewa nyumba ya pili na ambaye siku zote alikisema kisomo changu, aliingia bila salamu.

"Haya, karani. Umeandika. Sasa futa!"

"Sifuti kilicho kweli."

"Ungeandika maembe, wifi yangu. Nani hufungua kasha la maembe?"

"Forodha. Wangelifungua wakakuta si maembe."

"Wangecheka, basi! Wakikuta maembe yamevaa kofia wangecheka!"

Hata mume wangu alitabasamu kwa hilo, lakini alikuwa akiutazama ubao mtupu.

Tuliitwa Kwale Jumatatu tarehe 13 Aprili. Masika ilikuwa imeanza. Lori lililotupandisha kilimani lilikwama mara kadhaa katika udongo mwekundu, tukafika na matope hadi magotini. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana, mwenye elimu na mwenye subira. Juu ya meza yake niliona faili mbili. Moja ilikuwa ya uraia. Nililitambua ombi letu, kwani nililiandika mimi. Nyingine ilikuwa mpya. Zote mbili zilikuwa zimefungwa kwa uzi mmoja.

"Huyu Mzungu anawataka askari hawa kwa kazi gani?" akauliza.

"Kupigana vita," mume wangu akajibu.

"Vita gani?"

"Vya mezani, bwana. Wako wengi. Hukutana, wakagawana majeshi, wakapigana mpaka mmoja ashindwe."

"Hukutana wapi?"

"Nyumbani kwa mmoja wao."

"Wangapi?"

"Hilo hakuniambia."

Kijana aliandika yote. Naliona neno hukutana likikaa peke yake katika mstari. Kisha akafungua ile leso, akawasimamisha wanne juu ya meza. Mvua ilikuwa ikipiga bati, ikabidi ainue sauti.

"Mzee, watu hawa wamefichwa nyuso. Kwa nini?"

"Hawakufichwa. Shehe alinikataza kuwatia."

"Shehe yupi?"

Mume wangu alinitazama. Nadhani ni pale tulipofahamu, sote wawili, jambo lilivyokuwa. Kila neno la kweli tulilolisema lilimwingiza mtu mwingine ndani ya faili. Akamtaja shehe, kwa kuwa kutomtaja kungekuwa kumficha.

Shehe alipanda Kwale baada ya wiki moja, naye ni mtu mzima wa kushikwa mkono akishuka garini. Aliporejea tulimwendea kwake.

"Nimewaeleza yote," akasema. "Nimewaeleza tofauti ya chenye uso na kisicho uso, na kauli za wanazuoni."

"Wakasemaje, shehe?"

"Wakaandika jina langu. Wakaniuliza wanafunzi wangu ni wangapi na wanatoka wapi."

Hakutulaumu. Alituombea dua.

Idi ya kuchinja iliangukia wiki ileile. Sahani ya nyama niliyoipeleka kwa jirani wa mkono wa kushoto ilirudishwa imefunikwa kawa vilevile, pamoja na shukrani nyingi. Bwana harusi aliyekuwa ameagiza kitanda alikuja kukichukua kabla hakijapigwa msasa. Alisema msasa ataupiga mwenyewe. Dukani mkabala na karakana alianza kukaa mtu tusiyemjua, anakunywa soda moja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilipokwenda posta kuuliza, nilikuta karani mwingine. Yule mcheshi alikuwa amehamishwa. Wapi, huyu mpya hakujua, na hakupenda kuulizwa.

Mume wangu hakukigusa tena kile kisu kidogo. Jioni moja alinipeleka karakana, akanionyesha jinsi mlango wa nyuma unavyofungwa: huinuliwa kwanza, kisha husukumwa. Akanionyesha mbao zipi ni mvule uliokauka na zipi bado, na msumeno upi haupaswi kuazimwa mtu.

"Waniambia haya kwa nini?" nikamwuliza.

"Uyajue."

"Wewe wayajua. Yatosha."

Akaufungua mlango tena, akanitaka nijaribu mwenyewe.

Alhamisi tarehe 7 Mei tuliitwa mjini, katika ofisi moja iliyokuwa ghorofani, isiyo na kibao mlangoni. Juu ya meza ndefu kasha letu lilikuwa limefunguliwa. Mtu alikuwa ameichambua ile sufi yote, pengine akitafuta kitu ndani yake, na sasa ilikuwa rundo la kijivu pembeni. Watu wa ubaoni walikuwa wamesimamishwa kwa safu, lakini si safu za mume wangu. Wapagazi walikuwa mbele, maofisa nyuma, na mizinga ilielekezwa kwa askari wenyewe. Bunduki kadhaa zilikuwa zimevunjika. Naliona vidole vya mume wangu vikienda mezani vyenyewe, akavirudisha.

Mkubwa wa ofisi ile alikuwa mtu wa pwani kama sisi, msemaji wa taratibu. Alituamkia vizuri, akatukalisha.

"Mimi sioni hatari hapa, bibi," akaniambia. "Naona neno. Waliokuja kwenu, na yule wa Kwale, na waliofungua kasha hili, wote waliona neno hilo, na kila mmoja akaogopa kuwa yeye ndiye aliyelipuuza. Neno likishaandikwa halitolewi ila kwa neno jingine. Uandike fomu nyingine: vitu vya kuchezea watoto, hamsini na viwili, havina thamani. Utie sahihi, na mzee atie yake. Hapo faili hii ninaweza kuifunga."

"Hiyo si kweli," nikasema.

"Hapana aliyekuuliza kama ni kweli."

"Fomu yenyewe inauliza, bwana. Iko chini, juu ya sahihi."

Alinitazama bila hasira. Kisha akauvuta ule uzi uliofunga faili mbili, akaukaza. "Basi zitaendelea pamoja," akasema. "Na ya uraia haiwezi kwenda mbele ikiwa imefungwa na hii. Inaweza kurudi nyuma tu. Nawapa hadi Jumatano tarehe 17 Juni. Baada ya hapo haitakuwa juu yangu."

Tulivuka feri ya Likoni kurudi nyumbani. Wiki zilizofuata mume wangu hakunihimiza, na hilo lilinielemea zaidi. Wifi yangu ndiye aliyehimiza, asubuhi na jioni, na kwa mara ya kwanza hakunifanyia mzaha. Alisema tu, "Nina kaka mmoja." Nilimjibu kwamba nami nina mume mmoja, na kwamba waliokufa Burma hawakufa mchezoni, na wenyewe hawapo kunisahihisha. Nilisema kweli. Hadi leo nikiulizwa nitaandika vilevile: askari thelathini na sita.

Jumapili ya mwisho kabla ya siku ile, mume wangu aliniita barazani.

"Mwenzangu, ile fomu ya kwanza uliandika kweli?"

"Niliandika kweli."

"Basi imekwisha kuandikwa. Mara moja yatosha. Mimi nataka kuzikwa hapa."

Jumatano tarehe 17 Juni 1964 tulipanda ngazi zile tena. Kusi ilikuwa ikivuma, na karatasi za mezani zilikuwa zimewekewa mawe. Nikaandika: vitu vya kuchezea watoto, hamsini na viwili, havina thamani. Niliandika kwa hati ileile iliyonipa cheti, sikuiharibu makusudi. Nikatia sahihi. Mume wangu akatia yake. Mkubwa wa ofisi akagonga muhuri, akakata uzi kwa kisu cha kufungulia barua, na juu ya faili ya uraia akaandika kwamba hakuna pingamizi. Alitusomea maneno hayo kwa sauti. Mume wangu aliinamisha kichwa, akaitikia alhamdulillahi.

Karani wa pale alianza kuwarudisha watu wa ubaoni katika kasha, bila sufi, mikono miwili kwa mara moja. Mkubwa akamzuia kidogo. Akanyoosha mkono, akamchukua mmoja, mpagazi mwenye mzigo kichwani, akamtazama mahali pa uso.

"Nina mtoto nyumbani," akasema. "Tangu Mei ananiuliza habari za kasha hili. Mzee, waonaje?"

Karani alisimama na kifuniko mkononi. Nilimtazama mume wangu. Niliona jinsi alivyolitazama lile jalada lililokuwa bado wazi mbele ya mkubwa, wino wake haujakauka.

"Ni vitu vya kuchezea, bwana," akasema.

Mkubwa alishukuru, akamtia mpagazi katika mfuko wa shati, kichwa chini. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akanirudishia fomu na kalamu. Idadi haikuwa sawa tena, na mzigo hauwezi kusafiri na idadi isiyo sawa. Nikapiga mstari juu ya hamsini na viwili. Nikaandika hamsini na kimoja, nikatia sahihi pembeni, na tarehe.